Sentimita Mbili za Upande wa Kushoto

Jumatatu, 9 Machi

Mume wangu amepoteza mkono wa kulia, nguvu za mguu wa kulia, na maneno yake yote isipokuwa mawili. Ilikuwa Jumanne tarehe 3 Machi, baada ya chai ya asubuhi. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili baadaye mtu asije kuniambia "alikuwa akiumwa-umwa" au "ni umri tu." Ana miaka hamsini na saba, ndiye mkataji wa karakana yetu ya sare za shule, na siku hiyo alikuwa amesimama mezani kama siku zote. Mkasi ukamtoka mkononi. Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Pasi, mpiga pasi wetu, ambaye mdomo wake haujui likizo, akamwambia, "Mzee, jana ulilala saa ngapi?" Tukacheka. Mzee akageuka kumjibu, nusu ya uso wake ikawa imeshuka kama pazia lililokatika kamba upande mmoja.

Tulimlaza. Tulimpaka mafuta. Tukangoja apate nafuu. Tulipomfikisha hospitali saa za alasiri, presha ilikuwa 210 kwa 120, na daktari akauliza swali moja tu: "Mlikuwa mnangoja nini?"

Kiharusi. Maneno yaliyobaki ni "haya" na "bado."

Naandika kwa sababu mwanangu ni dereva wa lori la safari ndefu. Simu yake hupatikana akipenda Mungu na mtandao, na akirudi huuliza, "Kwani ilikuwaje?" Mimi jambo moja silisimulii mara tano. Atasoma.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Uji kijiko kwa kijiko. Presha 164 kwa 98.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua.

Jumamosi, 14 Machi

Leo daktari wa mazoezi alikuja nyumbani kumwonyesha mzee namna ya kukunja vidole. Nikamuuliza kinachonikera tangu siku ile: kwa nini yeye? Mimi nina kilo tisini na sita. Mimi ndiye niliyekuwa nikitaniwa karakana nzima. Pasi amekuwa akiniambia kwa miaka, "Bosi, punguza, siku utakayoanguka tutakuita kreni." Mzee ana kilo sitini na mbili, tumbo limelala kama ubao wa kupigia pasi. Kwa hesabu zangu, kama ni zamu, ilikuwa zamu yangu.

Daktari akanipima mimi. 128 kwa 80. Kisha akaanza kuuliza. Anavuta? Anavuta. Chumvi? Huongeza kabla hajaonja. Baba yake alikufa kwa nini? "Alianguka shambani." Alianguka tu? Nikamtazama mzee. "Haya," akasema mzee, na jicho moja likatoa machozi.

"Kilo ni jambo moja katika mengi, mama. Presha haionekani kwa nje. Ukitaka kuijua unaipima, basi."

Nimekasirika. Miaka thelathini nawaambia wateja kwamba jicho langu halikosei.

Jumanne, 17 Machi

Mkwe wangu, mke wa huyo dereva, tunamwita Vifungo kwa sababu hakuna kifungo kinachotoka karakanani bila kupita mikononi mwake. Ni mfupi: sentimita 147, nimempima mwenyewe. Ana mimba ya kwanza, mwezi wa saba umeingia. Leo nimemkatia gauni la tatu la mimba. Nyonga 106.

"Wewe huna shida," nikamwambia. "Nyonga hizi mtoto atatoka anatembea."

"Na begi lake mgongoni," akasema Pasi. "Atauliza basi la shule liko wapi."

Vifungo akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikata pindo kama kawaida yake, upande wa kushoto sentimita mbili zaidi, nikaliacha mezani.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekata sketi arobaini peke yangu. Mzee alikuwa akikata mia. Mgongo.

Alhamisi, 26 Machi

Nilimsindikiza Vifungo kliniki kwa sababu njia inateleza. Mkunga wa zahanati yetu ni mwanamke mwembamba, hana haraka, na akikuuliza jambo huacha kalamu mpaka ujibu. Alimpima urefu, akampima tena.

"Mia na arobaini na saba. Mama, huyu tumwandikie rufaa, aonwe na daktari hospitali kubwa mapema. Nyonga yake inaweza kuwa nyembamba."

Nikacheka. Nikamwambia kazi yangu. Nikamwambia 106.

"Ulipima na nguo au bila nguo?"

"Juu ya shimizi."

"Hata ungempima bila ngozi. Wewe umepima ukuta wa nyumba, mama. Mtoto anapita mlangoni, na mlango uko ndani."

Hakusema kwa dharau. Akaanza maswali yake, akimwuliza Vifungo, si mimi. Ulizaliwa na miguu ya matege? Hapana. Uliwahi kukaa na njaa ndefu utotoni? Kidogo, kama watu. Uliwahi kuvunjika mguu, nyonga, kiuno? Hapana. Unachechemea?

"Hapana," akasema Vifungo.

Mkunga akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia gauni. Pindo lilikuwa limekaa sawasawa, limenyooka kama mstari wa rula, kushoto na kulia.

Limenyooka kwa sababu nimelinyoosha mimi. Miaka mitatu kila gauni la mtoto huyu nalikata kushoto sentimita mbili zaidi, kwa sababu nisipofanya hivyo upande huo unapanda. Fundi akiona bega limeshuka anaweka sponji. Akiona mgongo umepinda anahamisha pensi, ile mikunjo ya kubana nguo. Haulizi kwa nini. Mteja halipi ili aulizwe.

"Vua viatu," nikamwambia Vifungo. "Tembea hadi dirishani."

Akatembea. Akarudi analia.

Ijumaa, 27 Machi

Nimepata habari yote. Alikuwa na miaka tisa, ukuta wa jiko ukamwangukia wakati wa mvua kama hizi. Alilala nyumbani miezi, wakamfunga kwa vitambaa na vijiti. Mfupa ulishika ulivyopenda wenyewe. Mama yake akamkanya asimwambie mtu, asije akakosa mume.

"Na mumeo? Hajui?"

"Anajua natembea hivi, Mama. Anadhani ni maringo. Anasema ndiyo mwendo uliomvuta."

Sikujua nicheke au nimpige kofi mwanangu huko aliko.

Nikabaki nafikiri jambo jingine, naliandika hapa kwa sababu halitaki kuondoka. Tangu mwezi wa kumi na moja mzee alikuwa akiniletea mashati. "Mke wangu, kola inanibana, naamka kisogo kimekaza." Nikazifumua kola, kutoka 38 hadi 39, kisha 40. Mashati sita. Kila moja nimelishona vizuri sana.

Nimemuuliza daktari wa mazoezi. Anasema kola haipimi presha, na kisogo kinaweza kukaza kwa sababu mia. "Ndiyo maana mtu anapimwa." Sawa. Mimi nilikuwa na futikamba, nikapima shingo.

Jumatatu, 30 Machi

Nimenunua mashine ya presha, ipo juu ya meza ya kukatia, mahali ulipokuwa mkasi wa mzee. Kila anayeingia anakunja mkono wa nguo. Pasi amepata 134 kwa 86. Akadai inapanda kwa sababu amekaa karibu na bosi. Vifungo 118 kwa 76.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua mchana kutwa. Mto umefika kwenye nguzo za daraja. Hospitali kubwa iko ng'ambo.

Jumamosi, 4 Aprili

Mwanangu amepatikana kwenye simu. Nikamweleza: rufaa, nyonga, ukuta wa jiko. Nikamwambia namtafutia mke wake chumba karibu na hospitali, ahamie kabla mto haujatufungia huku.

"Mama, subiri nirudi."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi. Nitaona."

"Mtoto hajui ratiba yako."

"Wewe si ulinizaa hapo hapo zahanati? Na Bibi kawazaa nyote nyumbani. Mnamtisha mtoto wa watu bure. Wakishamfikisha kule watamkata tu."

"Mimi sikuangukiwa na ukuta," nikamwambia. Simu ikakatika. Au aliikata.

Vifungo alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la vifungo. "Mama, tumsubiri. Sitaki arudi akute nimefanya uamuzi peke yangu."

"Nyonga ni ya nani?"

Alikwenda kukaa karibu na mzee, akamkunjua vidole kimoja kimoja kama alivyofundishwa.

Jumanne, 7 Aprili

Mzee ameshika chaki kwa mkono wa kushoto. Amechora mstari. Umepinda, lakini ni mstari.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua.

Jumanne, 14 Aprili

Vifungo 132 kwa 84. Viatu vyake vimekuwa vidogo. Mkunga anataka kumwona kila wiki. Amesema tukiona presha inapanda na kichwa kinauma, tusingoje wala tusitafute dawa dukani. "Mjamzito mwenye presha ya juu anaweza kupata kifafa cha mimba. Anaweza kupata hata kiharusi."

"Ana miaka ishirini na nne," nikasema.

"Nimekusikia, mama."

Jumamosi, 18 Aprili

138 kwa 88. Nimempigia mwanangu mara nne. Hapatikani.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimelipia chumba cha ng'ambo. Tunahama Jumatatu ijayo, apende asipende. Vifungo ameinamisha kichwa, anashona tundu ambalo lilikwisha kushonwa.

Alhamisi, 23 Aprili

Niliandike hili taratibu.

Asubuhi Vifungo hakuja kunywa chai. Nikamkuta kitandani amejifunika uso kwa kanga. "Mwanga unaniumiza, Mama." Kichwa kinauma? Kinauma tangu jana. Kwa nini hukusema? "Nilidhani ni usingizi." Anaona vitu kama cheche za pasi. Nikaleta mashine. 156 kwa 102. Nikapima tena mkono wa pili, maana sikuwa naamini mashine. 158 kwa 104.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alinisikia nikisoma namba. Akaanza kupiga ubao wa mlango kwa mkono wake mzima: "Bado! Bado! Bado!" Sijui alitaka kusema nini. Najua nilivyomwelewa: bado hatujachelewa.

Gari la kukodi lilikubali kutufikisha mtoni tu. Maji yalikuwa yanapita juu ya daraja, kina cha vifundo vya miguu, rangi ya chai ya maziwa. Dereva akazima injini. "Mimi na watoto wangu tunategemea gari hili, mama. Sivuki." Sikumlaumu, ila nilimwambia maneno ambayo sitayaandika.

Pasi alikuwa ametufuata na mkokoteni wetu wa marobota. Sikumwita. Aliona namba kwenye uso wangu, akafunga pasi, akaja. Tukatandika robota moja la khaki, Vifungo akaketi juu yake, mwavuli mkononi. Mimi nikashika ubavu wa kushoto, Pasi akasukuma.

"Bosi, kilo zako zisimame upande wa mto," akasema. "Leo ndiyo nimeziona faida."

Vifungo akacheka na kulia kwa pamoja. Tukavuka. Maji yalinivuta viatu vyote viwili, vyangu, vya ngozi. Ng'ambo tukapata gari.

Hospitali walimpokea haraka. Presha, mkojo, sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, dripu. Daktari ni mwanamume kijana mwenye macho ya mtu aliyekosa usingizi, lakini alivuta kiti akakaa. Alisema mambo mawili. Kwanza, presha hii haiwezi kungoja mwezi utimie, mtoto atoke. Pili, amempima ndani: mfupa umeingia upande wa kushoto, njia imebanwa, na kumwachia asukume ni kumchosha yeye na kumbana mtoto. Upasuaji kesho asubuhi presha ikituama.

"Mume yuko wapi?" akauliza nesi mwenye karatasi ya ridhaa.

"Njiani," nikasema.

"Tumsubiri?"

Nikafungua mdomo. Vifungo akanitangulia.

"Nipe kalamu," akasema. "Nyonga ni yangu."

Akasaini amelala, herufi zake ndogo zimepangana kama vifungo kwenye shati.

Ijumaa, 24 Aprili

Mtoto wa kike. Kilo 2.6. Analia kwa sauti ya cherehani inayohitaji mafuta. Mama yake 142 kwa 90, anaulizia maji ya kunywa.

Daktari alinisimamisha kwenye ukumbi. "Nani aligundua habari ya nyonga?"

"Mkunga wa zahanati," nikasema. "Aliuliza."

Jumamosi, 25 Aprili

130 kwa 84. Nimenunua kandambili.

Jumatatu, 27 Aprili

Mwanangu amefika, mto umeshuka. Aliingia wodini na vumbi la safari, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mmemkata bila mimi?"

"Hawakunikata wao," akasema Vifungo. "Nilisaini. Ulitaka nimbane mtoto mpaka upate mtandao?"

Wanawake wa vitanda vya jirani wakacheka wote, na mmoja aliyeshonwa jana akaomba asichekeshwe. Mwanangu akatafuta pa kuweka uso wake, akauweka kwa mtoto. Alimshika muda mrefu. Kisha akamuuliza mkewe, polepole, nikiwa nasikia, "Ukuta ulikuangukia kweli? Mbona hukuniambia?" Akaambiwa. Hakusema tena habari ya maringo. Alimtandikia mto kiunoni, akauliza kama upande huo unauma. Nimempa alama zake kwa hilo. Sikatai.

Alhamisi, 30 Aprili

Wamerudi nyumbani. Mzee amewekewa mjukuu upande wa kushoto, mkono unaosikia. "Haya," akamwambia. "Haya, haya, haya." Ni hotuba ndefu kuliko zote tangu Machi.

Jumapili, 3 Mei

Jua, siku nzima.

Baada ya chakula mwanangu alikuja karakanani na mashati manne ya kazi mkononi. Nilikuwa nakata. Akayaweka mezani, juu ya mashine ya presha.

"Mama, nipanulie kola. Zinanibana siku hizi. Naamka kisogo kimekaza kama ubao."

Mkasi nikauweka chini.

"Toka lini?"

"Sijui. Safari mbili tatu hizi. Ni usukani."

"Kaa hapo. Kunja mkono wa shati."

"Ah, Mama. Mimi niko fiti. Nina miaka thelathini na mbili, nabeba tairi la akiba peke yangu. Nione nilivyo."

"Nakuona. Ndiyo nimeacha kuamini ninachokiona."

"Umeanza kuona wagonjwa kila mahali." Akamwangalia Pasi apate msaada. Pasi aliinama akapiga pasi kola moja mpaka ikatoa moshi.

Mlangoni mzee akaanza kupiga ubao. "Bado! Bado!"

"Nitaona," akasema mwanangu, akatoka nje. Nikasikia kiberiti.

Jumatatu, 4 Mei

Nimemkumbusha asubuhi. "Nitaona." Nimemkumbusha mchana. "Mama, mpaka nirudi safari hii." Vifungo amemwambia. Amembusu mtoto, ndilo jibu lake.

Jumanne, 5 Mei

Hii ya leo ni yako, mwanangu. Nimeacha ukurasa wazi juu ya mashati yako manne, na jiwe la chaki ya baba yako juu yake usifunikwe na upepo. Kila ukirudi unauliza ilikuwaje, nami nimekuandikia. Ukifika hapa umeshasoma. Sasa unajua ilikuwaje.

Babu yako alianguka shambani na hakuna aliyeuliza. Baba yako aliniletea mashati sita, moja baada ya jingine, nami nikayapanua. Wewe una umbo lake, pakiti yake, mkono wake wa chumvi na kisogo chake. Inawezekana ni usukani. Sijui, na wewe hujui, na kola haijui. Mashine ipo hapo chini ya shati la bluu, inamaliza kabla sijamaliza kutunga uzi.

Mke wako alipewa karatasi yeye na kichwa kinampasuka, akaomba kalamu. Mimi sikuombi hata kalamu, nataka mkono tu, ukunjwe hadi juu ya kiwiko.

Sitapanua kola hata moja. Usimpelekee fundi mwingine, nitajua, nawajua wote. Na usiniambie "nitaona." Kuona ndiko kulikotufikisha hapa.

Lori lako linaondoka kesho Jumatano saa mbili asubuhi. Mimi nitakuwa mezani tangu saa moja, baba yako atakuwa kwenye kiti chake mlangoni. Kabla ya saa mbili nataka neno moja, mbele yake na mbele yangu: unapimwa, au hupimwi?